Asidi Itiwe Maji

Mtwapa,
19 Januari 2025

Mjomba wangu Msellem,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na mkaza mjomba, Bi Mishi, na kila aliyemo nyumbani hapo Shela ya Malindi. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina feni inayofanya kazi na jirani asiyefanya, kwa hiyo redio yake haizimwi mchana kutwa. Mama amepiga simu kutoka Mambrui. Goti limetulia, naye ameanza kupanda mchicha nyuma ya nyumba. Nilimwambia asiiname. Hakusikia.

Sasa jambo lililonikalisha chini kuandika. Muhula huu hapa Chuo Kikuu cha Mkondoni nimepewa darasa la mwaka wa tatu la kemia. Unajua kuwa maji yakipitishiwa umeme hugawanyika, haidrojeni upande huu na oksijeni upande ule. Umeme peke yake huifanya kazi hiyo kwa shida. Ukichagua metali inayofaa ya kutumbukiza, kazi huwa nyepesi, na metali yenyewe hailiwi. Hilo ndilo somo langu. Nusu yake tunaifanya kwa mwigo wa kompyuta, jaribio la kuigizwa skrinini tu, kwa sababu mashine ya kutawala volti na kupima mkondo ni moja na wanafunzi ni kumi na wanne. Nusu ya pili ni maabarani, kwa mikono.

Nimegundua kuwa wanafunzi wakisoma maagizo ya Kiingereza huyafuata kama dua wasiyoijua maana. Kwa hiyo nimeandika karatasi nane za maagizo kwa Kiswahili. Mkuu wa idara, Daktari Gerishom, alicheka, kisha akaniruhusu kwa muhula mmoja. Alisema: "Zikifaa, tutaendelea nazo. Zikiharibu, zitakuwa zako peke yako." Mkataba wangu unakwisha Agosti, na nadhani atauamua kwa karatasi hizi.

Nakuomba uzipitie kwa kalamu yako nyekundu, kama ulivyokuwa ukinirudishia barua zangu nilipokuwa bwenini. Unipe pia jina la kile kitu kinachorahisisha kazi bila ya chenyewe kuliwa. Vitabu vinasema "kichocheo". Wewe wasemaje?

Bahasha ataileta mwanao Swafwan, akirudi Alhamisi kutoka kuuza mazulia yake.

Mpwa wako,
Rufaida


Malindi,
2 Februari 2025

Mwanangu Rufaida,

Marahaba. Bahasha imefika, na Swafwan ameifikisha ikiwa na doa la chai ambalo anasema si lake. Mkaza mjomba wako hajambo, ila shinikizo la damu linampanda kila nikitoka bila kofia. Tulimzika mzee Ubaid wa msikitini Ijumaa iliyopita. Wenzangu wanapungua.

Umeandika "feni inayofanya kazi na jirani asiyefanya". Jirani asiyefanya nini? Usiache kitenzi kikining'inia ukadhani ni mzaha.

Kuhusu neno lako. Kuchochea ni kusukuma vijinga jikoni ili moto uwake, na kijiti cha kuchochea nacho huungua ncha. Kitu chako wewe husababisha yote, kisha hutoka kizima. Kwa hiyo neno halikai sawasawa. Hata hivyo limekwisha kuingia vitabuni, na sina jingine lililo bora. Litumie.

Karatasi zako nimezipitia zote nane. Ni nzuri kuliko nilivyotarajia, nami sisemi hivyo kwa kila mtu. Kosa lako kubwa ni "kwenye". Umeitapanya kila mahali kama watu wa bara: kwenye meza, kwenye chupa, kwenye maji. Lugha yetu ina kiambishi cha mahali, nacho ni -ni. Mezani. Chupani. Majini. Nimezikata "kwenye" zote, zilikuwa thelathini na moja, na mahali pake nimeandika -ni. Mchapaji afuate kalamu nyekundu bila kuongeza wala kupunguza.

Jambo moja la lawama: mashine ya chuo chenu hubana mistari mno. Asomaye karatasi zako lazima akae dirishani adhuhuri. Mkaza mjomba wako anadai taa ni ile ile ya mwaka jana. Taa za siku hizi ni hafifu.

Mjomba wako,
Msellem


Mtwapa,
9 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Mungu azipokee funga zenu. Hapa nafuturu kwa kaimati za dukani, ambazo mkaza mjomba akiziona atasema ni mawe. Mama anafunga kwa nguvu kunishinda. Nimeona mistari ya barua yako ya mwisho imepanda mlima kuelekea kulia. Uliiandika juu ya goti?

Pamela, mchapaji wa idara, amezichapa karatasi upya kwa marekebisho yako, na wiki nne hizi tumekuwa katika mwigo. Mwanafunzi huchagua metali, huona chembe za haidrojeni zikija kuikalia, kisha zikiondoka. Metali inayozishika kwa ulegevu haizipati. Inayozishika kwa nguvu mno haiziachii, na kazi hukwama. Platini hushika kwa kiasi.

Juzi nilimwuliza mwanafunzi mmoja, Marvin, aeleze kwa maneno yake. Akasema: "Mwalimu, platini ni mpangaji mzuri. Anaingia, anatoka, nyumba inabaki."

Msichana mmoja, Kanze Kitsao, akadakia: "Na nikeli ni kama mjomba wangu. Akikushika mkono kukusalimu, siku hiyo huendi kokote."

Darasa lilicheka, nami nikacheka zaidi yao. Usiniulize kwa nini.

Kanze huyu anatoka Vitengeni na ndiye hodari wao. Baada ya kipindi alinijia, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, Kiswahili cha karatasi hizi ni cha watu wa mji. Nikisoma naogopa hata kuuliza." Nikamwambia kimesahihishwa na mjomba wangu aliyekifundisha miaka thelathini na sita. Akasema: "Basi hakina kosa."

Wiki ijayo tunaingia maabarani. Kwenye kompyuta (nisamehe) asidi huja tayari imezimuliwa kwa maji, ukibonyeza tu. Nataka waizimue wenyewe, mikono yao ijue. Nitakuja kwa Idd, nikueleze yote.

Rufaida


Malindi,
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Idd imepita. Mkaza mjomba wako alikuwekea sahani yako, akaifunika kwa kawa mpaka siku ya pili. Mama yako alitoka Mambrui kwa tuktuk, goti na yote, akidhani atakukuta. Tulimwambia una kazi. Je, tulisema kweli?

Kutoka Mtwapa hadi hapa si safari ya kumshinda mtu mzima mwenye miguu miwili. Hukuja, hukuandika, na simu ya mkaza mjomba wako hukuipokea. Swafwan anasema alipita chuoni akaambiwa hufundishi kwa sasa. Nilimwambia amesikia vibaya.

Nasubiri barua, si ujumbe wa mdomo.

Msellem


Mtwapa,
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa Idd, na umwombee radhi mkaza mjomba kwa sahani. Mama nimezungumza naye. Mchicha wake umeliwa na mbuzi wa jirani.

Swafwan hakusikia vibaya. Tarehe kumi na nane Machi mwanafunzi mmoja aliumia maabarani, asidi ilimrukia. Kulikuwa na kosa katika karatasi ya tatu. Karatasi ni yangu na kosa ni langu, nami nimeiambia kamati ya chuo hivyo. Nimesimamishwa mpaka watakapoamua.

Tafadhali usiniulize zaidi.

Nina ombi moja. Pale hospitali ya macho wanapima bila miadi siku za Jumatano. Nenda, Mjomba. Nenda hata kama huoni haja.

Rufaida


Malindi,
11 Mei 2025

Mwanangu Rufaida,

Nimesomewa barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekataa kuiamini. Kosa gani? Karatasi ile ilipita mikononi mwangu. Kosa la maana lisingepita. Ikiwa lilionekana baada ya kalamu yangu, basi liliingia baada ya kalamu yangu, na aliyezishika karatasi baada yangu ni mchapaji.

Tangu ukiwa mdogo ulikuwa mwepesi wa kubeba mizigo ya watu. Ulipigwa kwa ajili ya kikombe alichokivunja Swafwan, ukanyamaza. Kwa kunyamaza kule nilikusifu wakati ule, na nilikosea. Usikubali kupoteza kazi kwa sababu ya mtu anayebonyeza herufi bila kuzisoma.

Kwa kuwa hutaki kujitetea, nimekutetea mimi. Nimemwandikia Daktari Gerishom, kwa heshima na kwa uwazi, kuwa karatasi zilisahihishwa na mtu anayejua, na kuwa aulizwe huyo Pamela.

Macho yangu yana kazi yake, nayo si mada ya barua hii.

Msellem


Mtwapa,
15 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kwa mara ya pili mwaka huu Idd imepita bila mimi, na safari hii sitaomba radhi, kwa sababu sikuwa na uso wa kukuletea.

Barua yako kwa Daktari Gerishom ilifika. Pamela ameachishwa kazi tangu tarehe ishirini na sita Mei. Alinijia chumbani, akakaa kitandani, maana kiti ni kimoja. Hakuwa na hasira. Alisema: "Rufaida, mimi sikijui Kiswahili chenu hicho. Ndiyo maana nilinakili kila kitu kama kilivyo. Hata mahali ambapo hapakuwa na maana, nilinakili."

Baada ya hapo siwezi tena kukuficha. Niliiambia kamati kuwa nakala uliyosahihisha imepotea. Haikupotea. Nimeiweka humu. Tazama ukurasa wa tatu, mstari wa nne, au mkaza mjomba akutazamie.

Mimi nilikuwa nimeandika: "Asidi itiwe kwenye maji, kidogo kidogo." Ulikata "kwenye". Ukaandika "-ni", lakini hukuiandika mwishoni mwa neno "maji". Uliiandika mstari mmoja chini, baada ya neno "Koroga". Wino ni wako na mkono ni wako. Umeteremka mstari bila kujua. Pamela alinakili alichokiona: "Asidi itiwe maji, kidogo kidogo. Koroga ni taratibu."

Nami nilipoletewa karatasi zilizochapwa sikuzisoma upya. Nilisema zimetoka kwa Mjomba.

Siku ile Ndirangu, fundi wa maabara, alikuwa mazishini kwao. Mimi nilikuwa kwenye mashine na kundi la Marvin, tumeinamia mstari wa mkondo unaopanda skrinini. Miwani ya kukinga macho ilikuwa kumi, wanafunzi kumi na wanne. Kanze alikuwa amempa mwenzake ya kwake. Nilisikia sauti kama mafuta yanapotiwa samaki mbichi, kisha nikasikia kiti kikianguka. Asidi kali ikitiwa maji, maji huchemka papo hapo na kuruka nayo. Shingo na mkono wa Kanze vimepona kwa makovu. Jicho la kushoto linaona mwanga tu.

Nilikaa naye hospitalini siku tisa. Siku ya pili aliniambia: "Mwalimu, sekondari tulifundishwa asidi ndiyo huenda kwa maji. Nilikumbuka, haki ya Mungu. Lakini karatasi ilisema asidi itiwe maji, na karatasi imesahihishwa na wenyewe. Nikasema, labda ni mimi nisiyejua."

Nililibeba kosa lote kwa sababu miwani, na kutokuwapo mezani pake, na kutosoma tena, vyote vilikuwa vyangu. Nikaona kuwa kukuongezea wewe hakutamrudishia jicho. Lakini sasa kuna Pamela.

Usinijibu kwa haraka.

Rufaida


Malindi,
13 Julai 2025

Mwanangu Rufaida,

Barua hii inaandikwa na mkaza mjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika. Anakusalimu, na anasema nimekonda. Mama yako yumo humu ndani tangu Jumatatu, anamenya viazi na hasemi nami.

Ukurasa wa tatu aliniletea yeye. Aliushika akausoma kimoyomoyo. Nikamwambia: "Soma." Akasema: "Msellem, -ni yako imeanguka." Nilimwambia anionyeshe kwa kidole. Nilifuata kidole chake, nikaona kidole tu.

Nilikwenda Jumatano ile uliyoitaja, miezi miwili baada ya kuambiwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari kijana aliniuliza tangu lini sioni vizuri. Nikasema tangu mwaka huu. Mkaza mjomba wako akasema: "Mwongo huyu. Mwaka wa tatu huu, anasoma Kurani kwa kumbukumbu na kufungua kurasa ili tumwone." Ni kweli. Nilikuwa nalijua hilo nilipozipokea karatasi zako. Nilijua, na nilizitaka. Ilikuwa muda mrefu mtu hajaniletea kitu cha kusahihisha.

Nimemwandikia Daktari Gerishom barua ya pili, na ukurasa wenyewe nimeutia bahashani. Amejibu kwa mistari mitatu ya Kiingereza, ambayo Swafwan amenisomea. Pamela amerudishwa kazini. Karatasi zimeondolewa, darasa litarudi katika maagizo ya zamani. Kuhusu wewe, anasema karatasi iliyotoka chini ya jina lako ni yako, na kuficha nakala ni kosa la pili. Mkataba wako wa Agosti hautaongezwa. Ulijua, bila shaka. Nasema ili usidhani sikuelewa.

Jumapili iliyopita tulikwenda Vitengeni, mimi na mkaza mjomba wako. Tulikaribishwa uani, tukapewa viti na maji. Baba yake Kanze, Kitsao, alinitazama, akasema: "Mwalimu Msellem. Hunikumbuki. Ulimfundisha ndugu yangu Ngowa, pale Malindi. Ulimwita mdomo mzito mbele ya darasa. Hakurudi shule wiki iliyofuata." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja mwaka wa mvua kubwa. Mimi nilimkumbuka Ngowa. Alikuwa akisema "huenda kwa maji".

Kanze alitoka, akaniamkia, akaketi upande ambao jicho lake zima linaniona. Nilimwambia niliyoyaendea. Nilimwambia kuwa mkono uliokata neno lile ni wangu, si wa Rufaida, si wa Pamela, na kuwa nilisahihisha nisichokiona.

Kisha nikamwambia jambo ambalo nilidhani litamfaa. Nilimwambia: sentensi iliyokuwa mbele yako ilisema "Asidi itiwe maji." Chai ikitiwa sukari, sukari ndiyo inayoingia. Asidi ikitiwa maji, maji ndiyo yanayoingia. Ulisoma sawasawa, ukafanya sawasawa na ulivyosoma. Darasani kwangu ningekupa alama zote.

Akasema: "Kama nilisoma sawa, Mwalimu, nilikosea wapi?"

Rufaida, nimesahihisha watu maisha yangu yote. Niliiweka chini glasi ya maji niliyopewa. Kosa lake, ukilitafuta, ni moja: alituamini kuliko alivyojiamini, na hilo ndilo nililokuwa nikiwafundisha watu wa kwao miaka thelathini na sita. Sikulisema. Nilimwambia hakukosea popote. Hakuonekana kuridhika, na sioni kwa nini angeridhika.

Anasema atarudi chuoni Septemba, afanye mwigo kwanza, maabara baadaye akiweza. Aliuliza kama utakuwapo.

Nilikuandikia Februari kuwa neno "kichocheo" halikai sawasawa, kwa sababu kitu chako husababisha yote kisha hutoka kizima. Nalifikiri sana neno hilo. Kanze ana jicho moja, wewe huna kazi, Pamela amekaa wiki sita bila yake, na mimi nimerudi nyumbani nikala wali.

Macho yatapasuliwa mwezi wa tisa, moja kwanza. Barua zako nitasomewa. Usiandike kwa kuogopa. Na uje. Sahani sijui kama itafunikwa tena, lakini uje.

Ukipata tena darasa, popote, andika hivi: asidi itiwe majini. Mimi nimesema "majini". Kama Mishi ameandika "kwenye maji", niache nisijue, nawe usikate.

Mjomba wako,
Msellem